Mlima Hauna Makosa

Kuna mchezo waupendao sana watu wasiopanda milima, nao ni kuhesabu barabara mbaya za dunia. Aghalabu huanzia Bolivia, kwa ile njia ya zamani iteremkayo kutoka La Paz kwenda nchi ya Yungas, iliyopasuliwa katika jabali na mateka wa Paraguay miaka ya 1930, na ambayo iliua watu wengi mno mpaka barabara nyingine ikafunguliwa mwaka 2006. Siku hizi watalii hulipa fedha ili waiteremke kwa baiskeli. Wakifika kwetu hutaja mteremko wa Mai Mahiu, uliojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili, na daraja la Nithi, na huko Tanzania ile njia ya nyoka itokayo Mombo kupanda Soni hata Lushoto. Kila mmoja ana yake, na kila mmoja aapa kwamba yake ndiyo mbaya.

Sisi twaingia katika hesabu hiyo kwa mlango mwingine. Wao hupima ubaya wa barabara kwa urefu wa korongo lililo chini yake. Sisi twaona kipimo hicho ni cha mgeni, mtu apitaye mara moja, akaogopa, akapiga picha, akaenda zake. Kwa mwenyeji barabara mbaya kuliko zote ni ile asiyoweza kuipita siku anayoihitaji. Na kwa kipimo hicho hatuna haja ya kwenda Bolivia. Panda gari Mombasa, fika Nairobi, kamata barabara kuu ya njia nane, pita Ruiru, shuka Thika, kisha tazama juu upande wa magharibi, ilipo milima ya Nyandarua. Unazo mbele yako.

Mtu wa pwani yafaa aelezwe nchi ile ilivyo, maana kwetu mlima ni Shimba au Taita, na wengi wetu hata Wundanyi hatujafika. Thika iko yapata mita 1,500 juu ya bahari. Kutoka hapo ardhi hupanda bila kupumzika, kupitia Gatanga na Gatura, ikaingia msitu wa Kimakia, hata ukitokea Njabini ng'ambo ya pili umefika yapata mita 2,500. Katika mteremko huo mito imejichimbia mabonde yake: Ruiru, Ndarugu, Chania, Thika, Kimakia, na vijito visivyohesabika. Basi nchi nzima imekunjika kama kanga iliyokamuliwa ikaachwa bila kukung'utwa. Barabara ikifuata mgongo wa mlima kutoka chini kwenda juu, safari ni nyepesi. Lakini ole wake atakaye kwenda kwa jirani aliye mgongo wa pili. Amwona kwa macho, waweza kuitana, na kumfikia hana budi ateremke mpaka mtoni kwa kona tatu au nne, avuke kidaraja chembamba, kisha apande tena kwa kona nyingine kama hizo. Ikiwa ana migongo mitatu ya kuvuka, afanye hayo mara tatu.

Na udongo wake ni mwekundu, udongo wa volkano, wenye rutuba isiyo kifani. Wakati wa kiangazi ni vumbi liingialo mpaka ndani ya saa ya mkononi. Masika yakiingia mwezi wa Machi, udongo ule ule huwa sabuni.

Mwandishi wa maneno haya alipanda huko mwaka mmoja, mwezi wa Aprili, kwenda kumpa pole rafiki aliyefiwa upande wa Gatanga. Tulipoacha lami, dereva alisimamisha gari, akashuka, akafunga minyororo kwenye magurudumu ya nyuma, akapanda tena bila kusema neno. Utingo wake hakuingia ndani. Alisimama nyuma ameshika jiwe kubwa kwa mikono miwili, na kila gari liliposita mlimani aliruka chini akaliweka nyuma ya gurudumu. Ndiyo breki tuliyokuwa nayo. Nikamwuliza dereva, "Mwanangu, na wakati wa kurudi?" Akanijibu, "Mzee, kurudi hapa mguu hautoshi. Hapa ni gia."

Alisema kweli, na wahenga wetu walikwishasema ya kwamba kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Gari lililobeba mzigo likiteremshwa kwa breki peke yake, breki huchemka, na zikisha kuchemka hazishiki tena hata uzikanyage kwa miguu miwili. Dereva wa milimani huteremka kwa gia ile ile ambayo angepandia, injini ikilivuta gari nyuma. Dereva mgeni hajui hayo, au ajua na ana haraka. Tarehe 24 Julai 2022, siku ya Jumapili jioni, basi lililokuwa likitoka Meru kuja kwetu Mombasa lilitumbukia mtoni katika daraja la Nithi, baada ya mteremko mrefu wenye kona, na zaidi ya watu 30 wakafa. Hilo lilikuwa basi la pwani, na abiria wake walikuwa wakingojewa na watu wa pwani. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba milima ya bara haituhusu. Na barabara ya Nithi ni ya lami, yenye alama na inayojulikana. Basi seuze zile zisizo na alama.

Lakini tulisema kipimo chetu si korongo. Twarudi Thika.

Pale kijijini tulipokwenda kutoa pole, jambo lililotushangaza si hatari ya njia bali wingi wa vitu viliyoingojea. Kandokando ya barabara palikuwa na magunia ya majani chai yaliyochumwa asubuhi. Chai, msomaji, haina subira. Jani likisha kuchumwa lataka kufika kiwandani siku ile ile, maana likilala kwenye gunia hupata moto, likawa jekundu, na bei yake ikafa. Lori la kiwanda lilikuwa limekwama bonde la pili. Wanawake waliobeba majani yale kwa mkanda wa kipajini walikaa juu ya nyasi wakingoja, hakuna aliyelalamika kwa sauti, na hilo lilitutia huzuni kuliko kama wangepiga kelele. Hapo hapo palikuwa na mitungi ya maziwa. Upande wa Ruiru na Githunguri, ambako wakulima wameuza maziwa kwa ushirika tangu mwaka 1961, hesabu ni hiyo hiyo: maziwa ya alfajiri yakifika saa nne hununuliwa, yakifika saa nane humwagwa.

Tena wako wagonjwa. Mwanamke aliyeshikwa na uchungu usiku wa mvua, ikiwa gari haliwezi kufika, hubebwa juu ya machela na vijana wanne mpaka kwenye lami. Hayo hatukuyasikia kwa mtu, tuliiona machela yenyewe, imeegemezwa ukutani nyumbani kwa mfiwa, ya miti na magunia. Ilikuwa imemchukua marehemu alipokuwa bado hai.

Sasa mtu wa Mombasa na atazame kikombe chake. Chai ya Kenya huuzwa kwa mnada hapa kwetu. Mnada ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo chai ya Uganda, Rwanda na nchi nyingine jirani huja kupigiwa bei katika mji huu. Makuli wa bandari, wenye maghala, madereva wa malori, wapimaji, wote hao wala kwa jani lile lililokuwa likingoja kwenye gunia. Na mtu wa Nairobi na afungue bomba lake. Bwawa la Ndakaini, lililomalizika mwaka 1994, liko huko huko juu ya Thika, nalo ndilo liunyweshalo mji mkuu sehemu kubwa ya maji yake. Almuradi kila kitu chateremka kutoka kule: maji, chai, maziwa, mbao. Tukiuliza ni kitu gani kipandacho, jibu ni fupi.

Hatusemi haya kwa kuionea gere barabara kuu. Novemba 2012, Rais Mwai Kibaki alipoifungua ile barabara ya Nairobi hadi Thika, yapata kilomita 50, tulifurahi pamoja na wote. Mtu aliyekuwa akikaa masaa matatu Githurai na Ruiru akifukuza nzi alifika kwake kabla ya magharibi. Mji wa Thika ulifikiwa na reli mwaka 1913, wakati ambapo wageni wengine walikwenda huko kwa mkokoteni wa ng'ombe, na karne moja baadaye ulipata barabara ambayo watu hutoka nchi nyingine kuja kuitazama. Ni heri. Ila mahali ambapo lami ya njia nane huishia, na mahali ambapo utingo hushuka na jiwe lake, si mbali. Ni mwendo wa kuvuta uradi mara chache tu.

Kuna watakaosema kwamba hayo ndiyo majaliwa ya mlima. Hatukubali. Mlima hauna makosa. Ndani ya milima hiyo hiyo, karibu miaka 50 iliyopita, magari yalipita masika yote katika njia zilizokuwa za udongo, na sababu yake yajulikana.

Yafaa kwanza tukumbuke njia hizo zilitoka wapi. Nyingi za kando ya msitu zilipasuliwa wakati wa hali ya hatari, baada ya mwaka 1952, ili askari wa Kiingereza na malori yao wauingie msitu wa Nyandarua kuwatafuta wapiganaji wa Mau Mau. Wanakijiji, na wengi wao wanawake, walitolewa kwa nguvu kwenda kuchimba. Njia iliyochimbwa kwa nia hiyo haikumfikiria mwenye gunia la chai. Ilifikiria kufika haraka, ikapanda mlima wima pale ambapo fundi mwenye huruma angeizungusha. Ajabu ni kwamba Bolivia mateka, Mai Mahiu mateka, na hapa raia waliofanywa kama mateka. Kisha miaka ya 1970 wazungu wakaja na magari ya mashindano ya Safari, dunia nzima ikawashangilia akina Joginder Singh na Shekhar Mehta kwa kuyashinda matope ya Kenya. Walistahili kushangiliwa, hapana shaka. Ila mama wa kijijini ayashindaye matope yale kila Jumatatu na Alhamisi hana kikombe.

Basi mwaka 1974 serikali ilianza mpango wa barabara za mashambani, kwa msaada wa nchi rafiki. Mpango ule haukutegemea matingatinga. Ulitegemea jembe, sepetu na karai. Watu wa kijiji waliajiriwa kujenga barabara yao kwa ujira, na mpaka katikati ya miaka ya 1980 zilikuwa zimejengwa kilomita zipatazo 8,000 katika Kenya. Lakini akili ya mpango ule haikuwa katika kujenga, ilikuwa katika yaliyofuata. Barabara ilipomalizika, mmoja wa wale walioijenga, mtu akaaye kando yake, alikabidhiwa kipande chake, yapata kilomita moja na nusu au mbili, akalipwa kukichunga. Kazi yake ilikuwa kuzibua mitaro, kufyeka majani, kusafisha kalvati, na kujaza shimo lingali dogo. Siku chache kwa wiki, kisha alirudi shambani kwake.

Pale Gatanga mzee mmoja alitusimulia habari za mtu kama huyo. Alituonyesha mtaro uliojaa udongo na magugu, akasema, "Mtaro huu ulikuwa na mwenyewe." Mwenyewe alikuwa jirani yake. Mvua ilipoanza usiku, yule bwana alitoka na taa na jembe bila kungoja kukuche, kwa sababu alijua mahali maji yatakapozidi. Miaka ya 1990 fedha zikapunguka, ujira ukachelewa mwezi, ukachelewa miezi, akaacha. Mzee alisema barabara ilikufa mwaka wa pili.

Na hivi ndivyo barabara ya mlimani ifavyo, yeyote aweza kuiona kwa macho yake. Barabara njema ina mgongo, katikati juu na kandokando chini, ili maji yaangukie mtaroni. Mtaro nao una vichochoro vya kuyatoa maji shambani kila baada ya hatua kadhaa, yasije yakajikusanya. Mtaro ukiziba, maji hayana pa kwenda ila barabarani. Huanza kuchora kijistari katikati, kama alama ya fimbo. Mvua ya pili kijistari ni mfereji, ya tatu mfereji ni korongo, na kalvati iliyoziba hung'olewa pamoja na udongo uliokuwa juu yake. Nchi ya Murang'a yajulikana kwa maporomoko ya ardhi, na maji yaliyoachwa yajitafutie njia mlimani ni mwaliko kwa maporomoko hayo.

Wakati huo ndipo huja greda. Hutoka mjini mara moja kwa mwaka, hasa miaka ya uchaguzi, ikapita kwa kishindo, watoto wakaikimbilia. Greda ikipita bila mtaro kuzibuliwa hukwangua ule ule changarawe uliobaki, ikaishusha barabara chini kidogo kuliko mwaka jana. Baada ya greda kumi barabara iko chini ya kingo zake kama mto, na mvua ikinyesha huwa mto kweli. Fedha zimetumika, na picha zimepigwa.

Wengine wasema dawa ni lami. Lami ni jambo jema, nasi hatuikatai. Mpango wa barabara zilizopewa jina la Mau Mau, za kilomita zipatazo 540 katika Kiambu, Murang'a, Nyeri na Nyandarua, uliwapa watu wa huko matumaini makubwa. Lakini lami isiyo na mtaro hufa vile vile, tena kifo chake ni cha gharama zaidi. Maji huingia chini yake, ikavimba, ikapasuka, na shimo la lami lina kingo kali zikatazo tairi. Nani asiyejua? Hata mitaa yetu ya Mombasa, isiyo na mlima wowote, yatufundisha somo hilo kila masika.

Na fedha zipo, hili lazima lisemwe wazi. Tangu mwaka 1993 kuna ushuru wa kutunza barabara utozwao katika kila lita ya petroli na dizeli. Julai 2024 ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi shilingi 25 kwa lita. Mwenye matatu wa Kisauni aulipa, mvuvi wa Shimoni mwenye mashine ya boti aulipa katika petroli yake ingawa chombo chake hakijakanyaga barabara hata siku moja. Lililofuata ni mzozo. Wabunge wakasema fedha ni za barabara za taifa, magavana wakasema kaunti zina barabara zao nazo zina haki, wakavutana juu ya mabilioni ya shilingi. Tangu sheria ya mwaka 2007 barabara za mashambani zina halmashauri yake, na tangu mwaka 2013 kaunti nazo zina zake. Mwananchi aliyesimama mbele ya tope hajui lile ni tope la nani. Mto Chania ni mpaka wa Kiambu na Murang'a, kwa hiyo barabara iuvukayo ina wenyewe wawili. Sisi pwani twajua mwisho wa ng'ombe mwenye wachungaji wawili wasiosemezana.

Katika dini yetu jambo la njia si dogo. Kila mtoto wa chuoni hufundishwa kuwa kuondoa chenye kudhuru njiani ni tawi katika matawi ya imani. Na wengi wetu tumekisikia darasani kisa cha Sayyidna Omar, aliyekuwa Madina na milki yake imefika Iraq, akahofu kuulizwa na Mola wake juu ya mnyama atakayejikwaa huko mbali, kwa nini hakumtengenezea njia. Hakusema kwamba Iraq ina halmashauri yake.

Tunalolitaka laweza kuandikwa kwenye karatasi moja. Katika ushuru ule, na itengwe sehemu kwanza, kabla ya greda na kabla ya mikataba, kwa ajili ya ujira wa watu wenye majembe, kila mmoja na kipande chake, jina lake liandikwe na kijiji kilijue. Ujira na ulipwe kila mwezi kwa simu ya mkononi, jambo ambalo yule bwana wa Gatanga hakulipata zamani zake na ambalo leo ni rahisi kuliko kununua mkate. Kiambu na Murang'a zianze, na hasa zile njia zikatazo migongo, kwa kuwa huko ndiko mitaro ilikoziba na huko ndiko machela zinakotumika. Kisha Taita wafuate, na Kwale kwenye vilima vya Shimba.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mtaro tulioonyeshwa na yule mzee una urefu wa barabara ya kutoka kwake mpaka mtoni, na yeye mwenyewe, pamoja na uzee wake, alisema yuko tayari kumwonyesha kijana yeyote mahali kalvati ilipozikwa.